Mguu wa Tano

Nsajigwa alikuwa anamenya ndizi alipomwambia dada yake kwamba Ipyana amekufa.

"Amekufa lini?" Lugano aliuliza.

"Jumanne. Boila ilipasuka. Yeye na yule mzee wa kuni." Akatumbukiza ndizi kwenye sufuria, akachukua nyingine. "Tulisimama kimya kidogo, halafu tukarudi kazini. Utakula na maharage, au nikuwekee maziwa?"

Lugano alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka Mbeya mjini. Mkoba ulikuwa bado begani. Aliuweka chini taratibu, akamtazama mdogo wake usoni akitafuta kitu, chochote. Ipyana hakuwa mtu wa kutajwa katikati ya ndizi na maharage. Tangu wakiwa darasa la pili, Nsajigwa akianguka kifafa, mkono uliowahi chini ya kichwa chake ulikuwa wa Ipyana. Ndiye aliyemvuta kutoka mto Kiwira siku ugonjwa ulipomkuta anaoga. Ndiye aliyemtafutia kazi katika kiwanda cha chai cha Ngwandwa wakati kila kiwanda kilikuwa kinamkataa.

"Boila ile ile uliyoniambia valvu yake inavuja?"

"Hiyo hiyo. Niliandika taarifa mara tatu. Msimamizi alisema wataangalia."

"Na sasa anasemaje?"

"Anasema wataangalia."

Alitabasamu kidogo. Halikuwa tabasamu la uchungu. Uchungu Lugano angeuelewa. Lilikuwa la mtu anayesema kesho huenda ikanyesha.

Nyuma ya sikio lake la kushoto, kimeng'ang'ania kwa sumaku kama kupe, kilikaa Kitulizo. Kidude kisichozidi punje ya haragwe, na ndicho kilichomwondolea Nsajigwa kifafa. Kilisikiliza umeme wa ubongo kupitia uzi uliopandikizwa chini ya ngozi, na dhoruba ilipoanza kujikusanya kiliipiga kwa umeme wake mdogo kabla haijafika mwilini. Kila mvaaji alipewa viwili, kimoja kikichajiwa kingine kinavaliwa. Kwa miaka miwili Nsajigwa hakuwa ameanguka, na kwa miaka miwili hakuwa amekaa nacho mbali hata dakika tano. Kifaa cha kwanza kabisa cha aina hiyo kilitoka mikononi mwa Lugano.

"Kivue," alisema.

"Kina chaji bado."

"Nsajigwa, nimesema kivue. Nipo hapa, nitakushika."

Akakivua bila ubishi. Lugano akamketisha juu ya mkeka mbali na moto, akaondoa kisu, akasogeza kigoda, akaanza kuhesabu dakika. Dakika ya sita mikono ya Nsajigwa ikaanza kutetemeka. Lugano akamwahi kichwa akidhani anaanguka. Hakuwa anaanguka.

"Walijua," Nsajigwa alisema. Sauti ilikuwa nzito, kama inatoka kwa mtu mwingine. "Dada, walijua! Niliwaandikia mara tatu!" Akainuka, akaipiga teke sufuria, ndizi na maji vikatapakaa sakafuni. "Nilimwosha mimi. Nilimwosha Ipyana kwa mikono hii, ngozi inabaki kwenye kitambaa, na mimi nawaza kama nimefunga banda la kuku! Banda la kuku, dada! Nimekuwa mtu gani mimi?"

"Wenzako je? Hakuna hata mmoja aliyefoka?"

"Nani afoke? Wote tunavaa. Mwezi wa tatu waliwapandikiza wenzangu uzi na kuwavalisha, tukawa mia nne, wakasema ni kwa afya zetu. Geti halifunguki kama hujavaa. Wenye kifafa tuko watatu tu!"

Alilia, akatukana, akapiga ukuta mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Lugano alimwacha. Dakika ya kumi na tisa mdomo wake ukaanza kuchezacheza upande mmoja, na hapo hakukuwa na la kungoja tena. Akamrudishia Kitulizo nyuma ya sikio, akamshika mabega.

Muda si mrefu pumzi ikatulia. Nsajigwa akatazama sakafu.

"Samahani, dada. Nimemwaga chakula."

Akapiga magoti, akaanza kuokota ndizi moja moja, akizipangusa kwa kiganja. Lugano alimtazama akiokota, na hasira ikampanda kifuani.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kufika maabara, kifaa cha pili cha Nsajigwa kikiwa mfukoni.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake pale ilikuwa kutengeneza sampuli ya kwanza. Wenzake walichora saketi kwenye kompyuta. Yeye ndiye aliyezigeuza kuwa kitu cha kushikika. Mwalimu wake wa ufundi alikuwa akisimulia enzi za chipu zilizochomekwa kwenye ubao wa matundu kwa vidole, kila mguu na tundu lake, ukikosea unachomoa unaanza upya. Chipu za sasa hazichomekeki popote. Zinakaa juu ya bodi, ndogo kama punje ya ulezi, miguu yake haionekani bila hadubini, na ukipiga chafya umeshaipoteza. Ukitaka kuijaribu lazima kwanza uilehemu juu ya bodi ndogo ya pembeni yenye njia za shaba zinazotanuka mpaka kwenye pini kubwa, ndipo pini hizo uzichomeke kwenye ubao. Wengi mikono iliwatetemeka. Lugano alikuwa akiishikilia pumzi, anashusha chipu kwa kibano, anaipulizia hewa moto, na lehemu ikiyeyuka chipu inajivuta yenyewe mahali pake. Alikuwa akiipenda sana sekunde ile.

Aliubandua mfuniko wa Kitulizo, akakisogeza chini ya hadubini.

Aliitambua kabla hajasoma namba. Chipu yenye miguu minane, pembeni mwa chipu kubwa ya kuzuia kifafa. Miaka minne iliyopita mkuu wa maabara, Dokta Kokushubila, alimtaka aiongeze kwenye sampuli. Madaktari walitaka kujua kama kifafa huja mtu akiwa na msongo, kwa hiyo chipu hiyo ingesoma hisia za mvaaji, hasira na hofu zake, izihifadhi, basi. Ni ya majaribio, aliambiwa, tutaitoa. Lugano akailehemu kwenye bodi ndogo ya pembeni, akaiunga kwa nyaya tatu, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mwekundu: YA MUDA.

Sasa hapakuwa na bodi ndogo wala nyaya. Ilikaa katikati ya bodi kama mwenye nyumba.

Akaipasha moto, akaing'oa, akailehemu juu ya bodi ndogo mpya na kuichomeka kwenye ubao. Kutoka hapo akavuta nyaya nane kurudi kwenye bodi ya Kitulizo na nyingine kwenda kwenye kioo cha kupimia mawimbi. Alihitaji ishara ya hasira ili aone chipu itafanya nini. Akajibandika vihisio kwenye panja zake mwenyewe, akafumba macho, akamfikiria Nsajigwa amepiga magoti anaokota ndizi.

Hakuhitaji kujitahidi. Mstari wa kijani ulipanda kama ukuta, na papo hapo kutoka mguu wa tano wa chipu yakatoka mapigo madogo madogo, mfululizo, yakielekea kwenye uzi ambao mvaaji huwa nao kichwani. Kila hasira ilipojaribu kuinuka, mapigo yaliikandamiza. Chipu haikuwa inasoma tu.

Lugano aliitazama kazi ya mikono yake.

Halafu akaona jambo la pili, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mguu ule ule wa tano ndio uliopeleka volti ya kuiamsha chipu kubwa. Kwa maneno mengine, chipu ya kifafa haifanyi kazi mpaka chipu ya hasira iiambie iko macho. Ukiizima moja, umezizima zote mbili. Hakuna mchora saketi anayefanya hivyo kwa bahati mbaya. Mtu alikaa, akafikiri, akazifunga pamoja makusudi, ili siku mtu kama Lugano akija na hasira zake akute wagonjwa wamesimamishwa mbele kama ngao.

"Nani amekuruhusu kufungua kifaa cha mgonjwa?"

Dokta Kokushubila alikuwa amesimama mlangoni, miwani kwenye paji la uso. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, ndiye aliyemwajiri Lugano, ndiye aliyemsimamia hata kwenye harusi.

"Mgonjwa mwenyewe," Lugano alijibu. "Uliniambia ni ya muda."

Dokta akatazama ubao, akatazama kioo, akafunga mlango nyuma yake.

"Ilikuwa ya muda. Kisha viwanda vikaiona kwenye ripoti."

"Na wewe ukawapa."

"Nikawapa." Hakuinamisha macho. "Lugano, kabla ya viwanda tulikuwa tunatoa vifaa mia moja kwa mwaka. Mia! Mimi ndiye niliyekuwa nachagua mtoto gani apate na yupi arudi nyumbani akaungue kwenye mafiga. Umewahi kumchagua mtoto, ukamwambia mama wa yule mwingine kwa mdomo wako? Leo wagonjwa elfu nane wanavaa bure. Viwanda ndivyo vinavyowabeba."

"Na Ipyana anabebwa na nani?"

"Ipyana ni nani?"

"Ni maiti, Dokta! Mdogo wangu aliandika mara tatu kwamba valvu inavuja. Mtu mwenye hasira zake angegoma. Angemkunja msimamizi shati. Watu mia nne wangelala getini mpaka ile valvu ibadilishwe! Badala yake waliandika, wakatabasamu, wakangoja ipasuke. Na ilipopasuka wakarudi kazini! Mmewaibia kitu cha mwisho alichonacho mtu asiye na kitu."

"Usinipigie kelele."

"Nitakupigia! Mimi bado ninaweza!"

Dokta alishusha miwani machoni. Kisha akanena polepole. "Basi zima. Programu za vifaa vyote zinapitia mezani pako, na nywila unayo. Andika amri moja, chipu yako italala nchi nzima. Na saa sita mchana watu elfu nane wataanza kuanguka, barabarani, visimani, motoni, wengine wana watoto mgongoni. Zima, mwanangu. Sitakuzuia."

Kibodi cha kompyuta kilikuwa umbali wa mkono. Lugano alikikaribia. Alifungua ukurasa wa amri, akaandika nywila, akaandika herufi nne za kwanza. Aliwaona wafanyakazi mia nne wa Ngwandwa wakiinua vichwa wote kwa mpigo. Halafu akamwona Nsajigwa, amelala kifudifudi ndani ya mto, na safari hii Ipyana hayupo wa kumvuta. Akawaona akina Nsajigwa elfu nane ambao hajui hata majina yao, na ambao hakuna aliyewauliza.

Akafuta herufi zile moja moja. Alizifuta kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa kwa sababu Dokta alijua tangu mwanzo kwamba angezifuta.

"Nilijua una utu," Dokta alisema.

"Usiniambie habari za utu."

Lugano akachomoa hadubini kwenye umeme, akaikumbatia. Akachukua bomba la hewa moto, kibano, na kasha la rezista.

"Hiyo ni mali ya kampuni."

"Rezista ni za kampuni, nikate kwenye mshahara. Hadubini nilikuja nayo."

*

Suluhisho lilikuwepo, ila halikuwa la kutumwa hewani. Lilikuwa la mkono. Unapasha moto mguu wa tano peke yake, unauinua kwa ncha ya sindano mpaka usiguse bodi, nafasi kama unene wa unywele. Kisha unavuta uzi wa shaba kutoka kwenye betri, unaupitisha kwenye rezista moja ya kupunguza nguvu ya umeme, unaulehemu pale mguu ulipokuwa. Chipu kubwa inapata volti yake, inadhani mwenzake yuko macho, inaendelea kuzuia kifafa. Mapigo ya kutuliza yanaishia hewani. Geti nalo likiuliza, kifaa kinajibu kama kawaida. Kazi ya dakika kumi na mbili kwa mtu wa mikono thabiti. Kwa vifaa vya watu mia nne, viwili viwili, ni wiki nyingi. Kwa nchi nzima, ni maisha.

Na haikuwa bure. Chipu ya hasira ilikuwa pia ikiitahadharisha ile kubwa mapema, kwa sababu kifafa hupenda kuja mtu akichafuka moyo. Bila tahadhari hiyo, safari moja moja dhoruba ingewahi kupita.

Alimweleza Nsajigwa yote hayo siku ya pili yake, wamekaa barazani, akiwa amemvua kifaa ili ajibu na akili zake zote.

"Kwa hiyo nitaanguka," Nsajigwa alisema.

"Labda mara moja kwa mwaka. Labda mbili. Sijui, sikudanganyi."

"Na ukiacha kilivyo, sitaanguka kamwe."

"Hutaanguka."

Taya za Nsajigwa zilikuwa zimekaza. Akamgeukia dada yake.

"Sasa unaniuliza nini, dada? Nimemwosha rafiki yangu nikiwaza kuku. Niache nianguke."

*

Alhamisi, zamu ya asubuhi ilipotoka, wafanyakazi wa Ngwandwa walikuta meza nje ya geti. Juu ya meza palikuwa na hadubini na betri ya gari, na bomba la hewa moto likinguruma. Lugano alikaa upande mmoja, upande wa pili kiti kitupu, na Nsajigwa amesimama kando akiwaita watu kwa majina.

Walinzi walikuja kumwondoa. Nao walikuwa wamevaa. Walimwomba kwa upole aondoke, akakataa. Wakamwomba tena, akakataa tena. Wakaridhika, wakarudi kibandani kwao. Lugano angecheka kama jambo lenyewe lisingekuwa la kutisha.

Watu walipanga foleni kwa sababu Nsajigwa aliwaambia wapange. Hilo nalo lilimchoma. Hakutaka kumrudishia mtu hasira kwa njia ile ile waliyomwondolea, bila kumuuliza. Lakini atamuulizaje mtu ambaye hukubali kila anachoambiwa? Akaamua kila mmoja avue kwanza, akae dakika kumi kwenye benchi, ndipo amweleze na amuulize. Wa kwanza, mchuma chai mmoja, aliposikia yote alikirudisha kifaa sikioni haraka. "Nina mume nyumbani wa kumvumilia," alisema, akaondoka. Lugano hakumzuia. Wa pili na wa tatu walikubali.

Wa nne alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga nyeusi. Nsajigwa alimwinamia dada yake sikioni. "Huyu ni Tusekile. Mke wa Ipyana."

Tusekile alikuwa amezika mume siku sita zilizopita, na siku ya tatu alikuwa amerudi kwenye mashine ya kukaushia majani, hatua thelathini kutoka boila ilipopasukia. Alivua kifaa chake, akakiweka mezani, akakaa kwenye benchi mikono mapajani. Lugano akaanza kumhesabia dakika.

Dakika ya saba mwanamke akashika tumbo.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona nasikia hivi? Kuna nini ndani yangu?"

Lugano akazima bomba la hewa moto. Akazunguka meza, akasimama mbele yake.

"Kifaa hiki kilikuwa kinakuzuia usihisi. Ndani kuna chipu inayozima hasira, na uchungu unakwenda nayo. Ninaweza kuifunga, ukitaka. Usipotaka, nitakurudishia kilivyo, utatulia sasa hivi."

"Nani aliiweka?"

Nsajigwa akafungua mdomo. Lugano akamwonyesha mkono anyamaze.

"Mimi. Ya kwanza kabisa niliilehemu mimi, kwa mikono hii. Waliniambia ni ya muda tu, nikaamini, sikufuatilia. Miaka minne sikuwahi kufungua kifaa hata kimoja nikaangalia."

Tusekile akasimama. Kofi lilitua shavuni mwa Lugano likamgeuza uso mzima, miwani ikaruka chini. Nsajigwa akasogea, Lugano akamsukuma nyuma bila kumtazama. La pili likaja. Hakujikinga.

"Nimemzika mume wangu macho makavu!" Tusekile alipiga ukelele. "Wanangu wananiuliza, mama, mbona hulii? Mama, hukumpenda baba? Nikawaambia mkale! Nikawaambia mkale, ugali utapoa!" Akaanguka chini kwenye vumbi na kilio kikamtoka, kilio chenyewe cha msiba, cha kutoka tumboni, cha kuita jina. Alimwita Ipyana mara nyingi sana. Watu wa kwenye foleni, vifaa masikioni, walimtazama kwa utulivu kama watu wanaotazama mvua kutoka dirishani.

Wale wawili waliokwisha kufungwa chipu zao hawakutazama hivyo. Walimwendea, wakapiga magoti kila mmoja upande wake, wakalia naye. Mmoja wao akainua uso kuelekea ofisi ya msimamizi, akayakaza macho pale na hakuyaondoa.

Kilio kilipopungua Tusekile akajifuta kwa ncha ya khanga. Alikuja mezani, akachukua kifaa chake, akakisukuma mbele ya Lugano.

"Ifunge," alisema. "Na sitakusamehe."

"Sawa."

"Usidhani nitakusamehe kwa sababu umekuja na meza."

"Nimekusikia, mama. Sikuombi."

Lugano akaokota miwani. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, lakini hadubini haikuhitaji miwani. Shavu lilimwaka moto. Akashikilia pumzi, akashusha ncha ya sindano, akauinua mguu wa tano, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Tusekile alisimama juu yake muda wote, akihakikisha.

Alipomaliza, mwanamke akakivaa, akangoja. Machozi yaliendelea kumtoka. Akaitikia kwa kichwa mara moja, akageuka, akaenda kusimama katikati ya geti, pale malori ya chai yanapopita, akakunja mikono. Wale wawili wakamfuata. Nsajigwa naye akaenda. Lori lililokuwa linatoka likapiga honi, likapiga tena, likasimama.

Mbele ya meza kijana mmoja wa stoo alikuwa tayari amekaa kwenye benchi, kifaa kiganjani, dakika zake kumi zikikaribia kuisha. Alikuwa ameona yote. Jasho lilimtoka.

"Nieleze kwanza," alisema.

Lugano akavuta kiti chake karibu.

"Kifaa hiki," alianza, "nilikitengeneza mimi."